Kazi ya kwanza ya kompyuta ukiwa Kigoma na huna uzoefu: mwongozo kamili

Nilipokuwa bado nashika steshenari pale Mwanga, alikuja kijana kutoa kopi 10 za CV. Ukurasa mmoja na nusu, picha ya pasipoti juu kulia, na kwenye sehemu ya uzoefu kaandika neno moja: "Sina." Nikamuuliza anazipeleka wapi. Akasema mjomba wake anapanda treni wiki hiyo, atamgawia huko Dar es Salaam.

Asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimeitwa sehemu tatu, zote za kwenda kwa mguu. Duka la dawa, printa ya risiti inatoa karatasi nyeupe (roli lilikuwa limewekwa kichwa chini, karatasi zile zinashika maandishi upande mmoja tu). Ofisi ya SACCOS, faili la Excel halifunguki. Shule binafsi, hakuna anayekumbuka nywila ya ruta yao wenyewe. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ametangaza nafasi ya kazi, na wote walinilipa.

Huku mwisho wa reli hatuna majengo ya kampuni za programu ya kubisha hodi. Tuna ofisi ambazo kompyuta zao zinasumbua. Kazi yako ya kwanza imejificha humo, na kinachoitoa ni kitu kimoja ulichokimaliza ambacho mtu mwingine anakitumia kila siku. CV, vyeti na usaili vinafuata nyuma.

Hatua ya kwanza: jua kazi ziko wapi

Anza na afya. Hospitali na vituo vingi vya umma vinatumia GoT-HOMIS, mfumo wa serikali wa hospitali, kuandikisha wagonjwa na malipo, na takwimu za kila mwezi zinapanda kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya. Ajira za Afisa TEHAMA serikalini zinapitia Ajira Portal na zinadai shahada, kwa hiyo kama huna, usikae pale unasubiri. Lakini hospitali za mashirika ya dini, zahanati binafsi na maabara zinahitaji waingiza takwimu na mtu wa kuitwa mfumo ukigoma, na huko cheti cha kidato cha nne chenye mikono inayojua kazi kinaweza kupita.

Halafu kuna mashirika yanayohudumia wakimbizi, kama huko Kasulu. Wanapohesabu kaya au kupima matumizi ya maji, wanakusanya data kwa simu, mara nyingi kwa programu ya fomu iitwayo KoboToolbox. Kazi hizo ni za muda mfupi, wiki mbili, mwezi, na tangu Marekani ikate fedha za misaada mwaka 2025 zimepungua. Mtu asikuambie ni za kudumu. Hata hivyo wiki mbili za ukusanyaji wa data zinaondoa lile neno "Sina" kwenye CV.

Tatu, wafanyabiashara na mafundi wanaotaka zabuni za serikali. Tangu 2023 manunuzi ya umma yanapita kwenye mfumo wa NeST, na mtu anayejua kujenga nyumba vizuri sana anaweza kushindwa kabisa kupandisha nyaraka zake pale. Anayemsaidia analipwa. Nne, kambi za wakandarasi wa reli ya SGR ya Tabora hadi Kigoma, ile ya kilomita 506 iliyosainiwa Desemba 2022: penye kambi pana stoo, mahudhurio na intaneti.

Na tano, steshenari yenyewe. Wengi wanaidharau. Mimi sijawahi kuona shule ya kompyuta inayokulazimisha kwa siku moja kubadilisha tona, kupunguza faili la PDF liingie kwenye kikomo cha mfumo, kujaza maombi ya mkopo wa chuo, kuomba TIN, na kutuliza mzee ambaye cheti chake cha kuzaliwa kimekosewa herufi moja.

Hatua ya pili: shika njia moja kwa miezi minne

Njia ya kwanza ni ufundi wa msaada: kompyuta, printa na mitandao ya ofisini. Ya pili ni data: Excel kwa kina, kisha fomu za kukusanyia data. Ya tatu ni kutengeneza tovuti na programu. Vijana wengi wanaanza na ya tatu kwa sababu ndiyo inayosifiwa kwenye video. Ni nzuri, ila ndiyo yenye wateja wachache zaidi hapa na ndiyo ndefu kuiva. Ukiniuliza mimi: anza na msaada, ongeza data mwezi wa tatu, programu ifuate ukiwa tayari unakula kwa jasho lako. Ukishika zote kwa pamoja, mwezi wa nne utakuta umejua majina ya vitu 20 na hujui kutumia hata kimoja.

Hatua ya tatu: mashine

Mashine ya mtumba inatosha. RAM isipungue GB 8 na diski iwe SSD, ile ya kasi. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo sokoni zimejaa mashine ambazo Windows 11 inazikataa. Hizo zinauzwa bei rahisi na ni nzuri tu ukiweka Linux Mint, mfumo wa kutumia badala ya Windows, ambao ni bure. Kama ofisi unazolenga zinatumia Windows, tafuta Intel ya kizazi cha nane kwenda juu.

Ukiwa dukani, kabla hujatoa hela, fanya mambo mawili. Izime, iwashe, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) kwa F2 au F10 kulingana na aina. Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, irudishe mezani. Pili, ikishawaka, fungua sehemu ya kuandikia amri uandike powercfg /batteryreport. Itatengeneza ukurasa wenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Betri iliyozaliwa na 50,000 na leo inashika 15,000 itakuzimikia katikati ya kazi umeme ukikatika. Muuzaji akiona unasoma namba zile, bei inashuka yenyewe.

Huna hela ya mashine? Simu ya Android inaendesha Python, lugha ya kuandikia programu, kupitia app ya Termux, na Google Sheets inafanya kazi vizuri kwenye simu. Hadithi ya Kibirizi nitakayosimulia chini ilianzia kwenye simu.

Hatua ya nne: kujifunza bila kumaliza bando

Mafunzo ya bure yapo ya kutosha: freeCodeCamp kwa tovuti, CS50 ya Harvard kwa misingi ya programu, Cisco Networking Academy kwa mitandao. Tatizo letu ni bando na umeme. Kwa hiyo pakua usiku, soma mchana. Kiwix ni programu inayokuwezesha kubeba Wikipedia nzima au majibu ya mafundi wa programu kwenye simu, ukasoma bila mtandao hata ukiwa kwenye boti.

Kila ulichokisoma asubuhi, jioni kifanye kwa mikono. Kwa njia ya msaada, nunua koleo la kubania RJ45 (vile vichwa vya plastiki vya kebo ya mtandao), vichwa 20 na mita chache za kebo, ubane mpaka uote. Mpangilio wa rangi za waya uitwao T568B, kichwa ukikishika klipu yake ikiwa chini na waya zikiingilia upande wako, ni huu kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kosa la wote ni kuweka kijani mbili pamoja, kwa sababu jicho linapenda hivyo. Na kebo isizidi mita 100 kutoka swichi hadi kompyuta. Nimewahi kuitwa kwenye jengo ambalo fundi alivuta kebo kuzunguka ukuta wa nje, halafu kila mtu akalaumu kampuni ya simu.

Jambo jingine nililolipia ada. Mwezi wangu wa pili wa ufundi, mteja alileta mashine nzito "ipigwe Windows". Nikapiga. Sikuuliza kama kuna kitu ndani. Kulikuwa na picha za harusi ya dada yake, na hapakuwa na nakala popote. Nilirudisha hela yake na bado akasimulia soko zima. Tangu siku hiyo nina daftari: jina, tatizo, "je, tuhifadhi nini kabla?", sahihi ya mteja. Weka daftari hilo siku yako ya kwanza, usingoje kulia kwanza.

Hatua ya tano: maliza kitu kimoja kinachotumiwa na mtu

Hapa ndipo kazi inapopatikana, kwa hiyo tukae kidogo.

Machi 2024 nilimwendea mama mmoja anayenunua dagaa kwa jumla mwalo wa Kibirizi. Anawakopesha wavuvi petroli na hela ya chakula, wao wanamlipa kwa dagaa. Alikuwa na madaftari matatu, moja limelowa. Nikamwomba nimhamishie kwenye simu, bure, kwa wiki tatu. Nikatengeneza Google Sheets yenye kurasa tatu: Watu, Mikopo, Malipo. Kila mkopo una tarehe ya mwisho ya kulipa, na ikipita, mstari unageuka mwekundu. Nilijiona bingwa.

Akaitazama dakika moja. "Mwanangu, hii tarehe 25 umeitoa wapi? Tarehe 25 mwezi unawaka. Mvuvi gani ana hela mwezi ukiwaka?"

Mimi mtoto wa Ujiji, nikaona aibu. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa haziwavuti, boti zinakaa nchi kavu. Deni la mvuvi linahesabiwa kwa giza: "atalipa giza hili", "atamalizia giza lijalo." Kalenda yangu ilikuwa inawaita watu wadaiwa sugu kwenye wiki ambayo hakuna mtu anayeingia ziwani.

Nikafuta safu ya tarehe nikaweka safu ya giza, zimepewa namba tangu Januari. Nikaondoa kilo, kwa sababu yeye anapokea kwa beseni na ndoo, nikaweka ukurasa wa nne unaosema beseni lake ni sawa na ndoo ngapi. Salio likawa hesabu moja ya SUMIFS: jumla ya mikopo ya mtu, toa jumla ya malipo yake. Nikawasha faili lipatikane bila mtandao, maana pale mwaloni mtandao una siku zake. Wiki ya tatu hakuniita tena kuuliza kitu. Binti yake ndiye aliyekuwa anajaza. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti mwaka huo, alijua ndani ya dakika mbili nani anadaiwa nini.

Ukitaka kufanya kama hivyo, mpangilio ni huu. Tafuta mtu mmoja mwenye daftari, asiwe ndugu yako wa karibu, kwa sababu ndugu atasema "nzuri" hata kama ni mbovu. Kaa naye nusu siku umtazame anavyoandika kabla hujagusa mashine. Mimi niliruka hapo, ndiyo maana nikaumbuka. Mpe kitu kidogo mapema, siku ya nne au ya tano, akikosoe. Weka siku ya mwisho. Kisha mwache akitumie mwezi mzima bila wewe, na uandike kila alichokwama.

Kama uko njia ya data, fanya vivyo hivyo kwa KoboToolbox: andika fomu kwenye Excel, weka maswali yanayojificha pasipohitajika (asiye na watoto asiulizwe umri wa watoto), ijaze kwenye simu isiyo na mtandao, itume ukirudi mjini. Kama uko njia ya programu, tengeneza ukurasa wa bei za nyumba ya wageni au ratiba ya mechi za mtaa, uweke msimbo GitHub, ghala la msimbo mtandaoni, na ukurasa wenyewe GitHub Pages, ambayo hailipiwi.

Onyo moja: data za watu si zako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na hata isingekuwepo, Kigoma ni ndogo. Ninapoonyesha lile daftari natumia nakala yenye majina ya kubuni.

Hatua ya sita: CV na barua

CV iwe ukurasa mmoja. Ondoa dini, kabila na "mambo ninayopenda: kusoma na kusafiri". Pale palipoandikwa "Sina", andika hivi: "Daftari la mikopo kwa mfanyabiashara wa dagaa, Kibirizi. Wadaiwa 41, kurasa 4, linatumika tangu Machi 2024 bila msaada wangu." Chini yake: "Nimebana na kupima kebo za kompyuta 9, shule moja ya msingi." Taja hesabu na mahali. Asiyekujua hawezi kupima "mchapakazi na mwaminifu", lakini kompyuta 9 anaweza kwenda kuzihesabu. Wadhamini wawili, na mmoja awe mteja. Yule mama alipigiwa simu, na alinisemea vizuri kuliko mwalimu wangu.

Barua ya ofisi iwe fupi, yenye YAH: "OMBI LA KUJITOLEA KITENGO CHA TEHAMA KWA MIEZI MITATU". Aya ya kwanza wewe ni nani na unakaa wapi. Aya ya pili tatizo ulilolifanyia kazi. Aya ya tatu siku unazoweza kuja. Chapa nakala mbili, uende nazo mwenyewe asubuhi, umsalimie mlinzi vizuri, uulize masjala. Nakala moja inabaki kwao, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Baada ya wiki mbili unarudi na ile yenye muhuri. Bila hiyo utaambiwa barua haionekani. Kama umehitimu chuo, angalia pia nafasi za mafunzo ya uzoefu kazini zinazosimamiwa na TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira.

Anayekuomba hela ya fomu, ya vipimo au ya "kusukuma faili" mwache hapohapo.

Hatua ya saba: kujitolea kwenye mwisho wake

Kuna ofisi moja, siitaji, nilijitolea miezi kumi na moja. Kila robo mwaka niliambiwa "bajeti inakuja". Nauli nilijilipia. Walipopata bajeti waliajiri mwingine. Kosa langu lilikuwa kuingia bila tarehe ya kutoka. Sasa nawaambia vijana: miezi mitatu, iandikwe, na ndani yake itajwe kazi unayoachia nyuma, mfano orodha ya kompyuta zote na hali zake. Omba nauli. Siku ya mwisho omba barua ya utambulisho inayotaja ulichofanya. Wakitaka uendelee, zungumzeni posho. Wakikwepa, shukuru uondoke.

Hatua ya nane: usaili

Kwa kazi za msaada kuna swali ambalo halikosi: "Mtumishi anasema intaneti haifanyi kazi. Utafanya nini?" Wengi wanajibu "nitaangalia tatizo". Jibu kwa mpangilio. Nitauliza kama jirani yake naye hana, na kama bando la ofisi halijaisha (wasaili watacheka, ila nusu ya mara ndiyo jibu). Nitaangalia waya na taa. Nitaandika ipconfig: nikiona anwani inaanza na 169.254, mashine haijapewa anwani na ruta. Ikiwa na anwani sahihi, nitaipigia ruta ping (amri ya kuona kama inajibu), kisha 8.8.8.8, namba ya Google, kisha jina la tovuti. Namba ikijibu na jina likakataa, shida ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Ukisema hayo kwa utulivu, umewaonyesha kwamba una njia, na njia ndiyo wanayoitafuta kwa mtu asiye na uzoefu.

Kwa kazi za data, tegemea jaribio la Excel: faili chafu, majina yenye nafasi za ziada, "Kasulu" imeandikwa kwa namna nne, na nusu saa. Jizoeze TRIM (inafuta nafasi za ziada), kuondoa marudio na pivoti (jedwali la kujumlisha) mpaka vidole vikariri.

Ukiulizwa kitu usichokijua, sema hukijui na useme ungekitafuta wapi. Na lile swali la "tuambie kuhusu wewe", mimi niliwasimulia tarehe 25. Mmoja wa wasaili alikuwa mtu wa Katonga. Tulimalizia usaili tukizungumza giza na mbalamwezi.

Kazi za mbali za kulipwa kwa dola, kama za tovuti ya Upwork, zipo, lakini mtu mpya anashindana na dunia nzima bila sifa hata moja kwenye ukurasa wake. Ziweke kando mwaka wa kwanza.

Hatua ya tisa: kabla hujasaini

Mshahara usiukubali kwa furaha ya kuitwa tu. Muulize mtu wa kada kama yako analipwaje, hesabu kodi ya chumba, chakula na nauli, uende na namba yako kichwani. Mkataba uwe wa maandishi, utaje muda wa majaribio, saa za kazi na siku za likizo, na uulize kama NSSF inaanza mwezi wa kwanza. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hatakiwi kukukata zaidi ya nusu ya mchango huo. Omba nakala yako siku hiyohiyo.

Halafu uliza vitu vitatu ambavyo havimo kwenye mkataba: mfumo ukigoma saa nne usiku nani anapigiwa, nywila za ofisi zimeandikwa wapi, na bando utakalotumia kwa kazi analipia nani. Mimi hilo la mwisho sikuuliza. Mwezi wa kwanza lilikula karibu robo ya mshahara.